Umri Wangu ni Taarifa Binafsi

Jumatatu, 3 Machi

Sheria imeanza kazi leo. Sheria ya Kulinda Taarifa Binafsi! Vijitabu vimegawiwa pale chumba cha kusomea. Kurasa arobaini. Nimemaliza chote kabla ya chai ya saa nne. Makosa ya chapa kumi na moja, nimeyasahihisha yote pembeni kwa penseli. Miaka thelathini ya kusahihisha chapa kiwandani haimtoki mtu.

Lakini yaliyomo! Kwamba hakuna mwenye ruhusa ya kutangaza habari zangu bila ridhaa yangu. Kwamba naweza kudai zifutwe. Nusura nilibusu jalada.

Maana habari ninayo. Moja tu. Nina miaka sitini na nane, na kadi yangu inasema hamsini na tisa. Sikudanganya mimi. Tulipovuka mpaka, hati zetu zilibaki sandukuni chini ya kitanda, katika nyumba ambayo ufunguo wake bado ninao. Karani alinitazama. Njaa ilikuwa imenipunguza. Akakisia mwaka, akaandika. Nikamwacha. Faida pekee ya kufukuzwa kwenu: umri unaweza kubaki nyuma pamoja na samani.

Sasa kuna Mkutubi. Mjane. Anatunza chumba cha kusomea na anasoma kwa sauti kana kwamba kila neno limepigwa pasi. Mwezi jana alisema mbele ya kikundi chote cha wasomaji kuwa mwanamume aliyevuka sitini hamtaki. Ameshauguza mmoja, inatosha. Nilitazama sakafu.

Nitamposa wiki ijayo. Ila kwanza nifunge midomo mitatu: kinyozi anayejua mvi zangu, fundi cherehani anayejua kiuno changu, na shemeji, mdogo wa marehemu mke wangu, anayekaa ghorofa ya chini na kujua kila kitu. Wote watapata barua rasmi.

Jumanne, 4 Machi

Kinyozi. Barua nakala tatu. Akauliza kama nampeleka mahakamani. La. Akauliza basi ni taarifa zipi hizo. Nikashusha sauti: rangi. Akapaza yake: aaah, rangi! Ile nyeusi ya kila Alhamisi ya pili! Wateja wawili wakageuka, mmoja ana povu nusu ya shavu.

Nikamsomea kifungu cha adhabu. Akaingiwa na baridi. Akasema mzee wangu, mimi na serikali hatuchezi, nitafuata sheria neno kwa neno. Ili auone uzito, nikamdokeza kuwa mchumba wangu hapaswi kujua. Mchumba yupi? Mkutubi. Nilikusudia kusema mchumba mtarajiwa. Neno la pili nilikata ili nifupishe. Msahihishaji ni msahihishaji.

Jumatano, 5 Machi

Fundi cherehani. Ana daftari la vipimo la miaka ishirini, limefungwa kwa utepe. Akafungua ukurasa wangu. Kiuno inchi thelathini na nne. Thelathini na sita. Thelathini na nane. Arobaini na mbili. Kinapanda ngazi bila kupumzika! Na pembeni, kwa mwandiko wake mzuri: "Mzee. Mwachie nafasi."

Nikadai vifutwe. Akaumia moyo, maskini. Akasema tangu aanze kazi hajawahi kutaja nyonga za mtu. Mke wa hakimu alimbembeleza amwambie kiuno cha jirani yake, akamwambia mama, daftari hili ni kaburi. Leo mimi namletea barua! Hata hivyo akachukua kifutio. Alipomaliza akauliza suruali niliyomwachia Jumamosi aikate kwa kipimo gani. Hilo sikuwa nimelifikiria.

Akasema kijitabu kinamtaka athibitishe ufutaji kwa maandishi. Barua aipeleke wapi? Si nyumbani! Shemeji hupokea barua zangu na huzimulika kwenye balbu. Nikampa anwani ya chumba cha kusomea. Akili ni mali.

Alhamisi, 6 Machi

Shemeji. Nimemkuta anachambua mchele. Kabla sijakaa akaanza: siku ya harusi yetu yeye alishika maua, ana miaka saba, na mimi tayari nina masharubu ya kuanikia nguo. Hiyo hiyo ndiyo sentensi ninayotaka ilindwe!

Nikamsomea sheria. Akasema hiyo ni sheria ya maofisi, shemeji hafungwi na kifungu. Nikasoma tena, polepole. Akasema soma hata ukiwa umesimama kichwa chini, yeye anapata nini? Tukapatana: sitasahihisha tena matangazo ya kikundi chao cha akina mama yanayobandikwa ngazini. Akatia sahihi. Kisha akaongeza kwa mkono wake kwamba ridhaa hii inaweza kuondolewa wakati wowote. Makosa mawili katika mstari mmoja. Nikauma ulimi. Mapenzi yana gharama!

Jumamosi, 8 Machi

Kikundi cha wasomaji. Kanali alikuwepo. Hajawahi kuwa askari, anaitwa hivyo kwa mwendo wake. Ana miaka sitini na moja na anajitangaza, mpumbavu. Alibeba viti vinne kwa mkupuo, viwili kila kwapa. Mkutubi akamshukuru. Mimi nikainua kimoja. Mgongo ukalia. Nikasema ni kiti. Mkutubi akacheka, akanisogezea kingine, na mkono wake ukakaa juu ya egemeo dakika nzima. Au nusu dakika. Nitaposa Jumanne.

Jumapili, 9 Machi

Maafa!

Nimepita kwa kinyozi. Kwenye kioo cha mlango, ndani ya fremu, herufi kubwa: KWA MUJIBU WA SHERIA, WATEJA WAFUATAO WAMEOMBA HABARI ZA KUPAKWA RANGI NYWELE ZISITOLEWE KWA MTU YEYOTE, HASA MCHUMBA. Chini yake jina langu, la baba na la babu. Peke yake. Orodha ya mtu mmoja!

Niliingia nikitweta. Kinyozi akashangaa. Akasema amekaa na kijitabu siku tatu, kimeandikwa kwamba mwenye biashara aeleze wazi anavyotunza habari za wateja, naye hana mteja mwingine aliyeomba. Fremu ameitoa kwenye picha ya harusi yake mwenyewe. Nilitakiwa kushukuru.

Na kwenye kiti, shingo imefungwa kitambaa, nani? Kanali. Akainuka wima na povu lake, akasema kwa sauti ya gwaride: "Shikamoo, bwana harusi!"

Shikamoo! Mtu wa sitini na moja kumwamkia wa hamsini na tisa! Mtego mtupu, hata mtoto angeuona. Lakini kuna mambo hayapiti kichwani kwanza. Maisha yangu yote walio wadogo wameniamkia nami nimewaitikia. Mdomo ukafunguka wenyewe.

"Marahaba," nikasema.

Kisha kinyozi akacheka hadi akaweka wembe chini.

Jumanne, 11 Machi

Sikuposa. Barua ya fundi imefika chumba cha kusomea. Barua zote za pale hufunguliwa na Mkutubi, ndiyo kazi yake. Sikuwa nimelifikiria hilo pia. Fundi amethibitisha kwa uaminifu kuwa amefuta yafuatayo, kisha akayaorodhesha yafuatayo yote, inchi kwa inchi, pamoja na bega la kushoto kuteremka na yale maneno ya pembeni. Amemalizia kwa kunitakia afya.

Haikuishia hapo. Jioni shemeji amekuja juu, uso unang'aa, kuniambia ametimiza ahadi. Alikwenda kurudisha kitabu. Mkutubi akamuuliza, kwa upole tu, amenifahamu tangu lini. Shemeji akajibu kwamba sheria haimruhusu kusema yeye alikuwa darasa la ngapi wakati mimi nanyoa ndevu. Akasubiri nimpongeze.

Nilikaa kitandani na viatu miguuni. Nyumba ya kule nilipoteza kwa siku moja, nikajenga maisha hapa kwa miaka mingi. Haya nimeyapoteza kwa bahasha.

Jumatano, 12 Machi

Mkutubi ameniita. Saa tatu, kabla wasomaji hawajaja. Madirisha wazi, meza imefutwa. Juu yake barua ya fundi. Kando yake kijitabu changu cha sheria, nilichokisahau pale Jumamosi.

Akasema ana maombi chini ya sheria hiyo hiyo. Amesikia kwa kinyozi kuwa yeye ni mchumba wangu. Taarifa hiyo inamhusu yeye, si sahihi, na anataka irekebishwe leo kabla ya saa sita. Nikasema itarekebishwa.

Kisha akapanga penseli zake. Akasema lile neno la sitini alilisema kwa sababu ya Kanali. Kanali alikuwa ameshanyoosha shati la posa, ikabidi amzibie njia mapema bila kumwaibisha. Hakuwa akinitazama mimi hata kidogo. Yaani alikuwa akinitazama, akasema, ila si kwa jambo hilo.

Nilishika ukingo wa meza.

Akasema umri haumsumbui. Marehemu wake alikuwa mdogo kwake kwa miaka miwili na bado alimzika. Kinachomsumbua ni mtu kuandika barua rasmi nakala tatu ili asiulizwe swali moja. Nilipofungua mdomo akaniinulia mkono. Si leo, akasema. Leo nitampa hotuba. Nije Ijumaa saa kumi, bila karatasi, nimtajie umri wangu kwa mdomo wangu. Namba moja. Baada ya hapo tutaona hayo mengine.

Hayo mengine!

Nikiwa mlangoni akaongeza kuwa makosa yalikuwa kumi na mawili. Moja lilinipita, ukurasa wa thelathini na moja. Ameshalisahihisha.

Nimekwenda moja kwa moja kwa kinyozi na tangazo limetoka. Nimetembea kurudi nyumbani bila kugusa ardhi.

Alhamisi, 13 Machi

Siku nzima nimefikiri. Hatimaye mwanga umenifikia. Ukweli ndiyo njia. Mama huyu anastahili ukweli. Nimesimama mbele ya kioo nikautamka: sitini na nane.

Nikautamka tena. Hauna ladha. Sitini na nane ni umri wa kila mtu. Hata Kanali ataufikia, tena akiwa amekaa. Ukimwambia mwanamke una sitini na nane atasema nini? Atasema sawa. Atapanga penseli.

Nikaketi nikapiga hesabu upya. Kilichonitesa wiki nzima ni kudhani anataka miaka michache. Hataki! Umri haumsumbui, kasema mwenyewe, kwa Kiswahili safi. Basi ubahili wa nini? Hati ziko sandukuni ng'ambo ya mpaka, na kadi yenyewe ilikisiwa na karani mwenye usingizi. Kama mwaka uliweza kukisiwa kushuka, ni nini kitauzuia kukisiwa kupanda?

Sabini na saba.

Atashtuka. Atavua miwani, aniangalie vizuri, aseme mbona huonekani! Kiuno arobaini na mbili kitageuka siha. Kiti kimoja nilichoinua Jumamosi kitakuwa ushujaa, na viti vinne vya Kanali vitakuwa utoto. Ninachohitaji ni kulitamka kwa unyenyekevu, macho chini, kama mtu aliyechoka kuficha.

Kesho saa kumi. Mwisho wa uongo wote! Kwa sitini na nane mimi ni mzee kama wazee. Kwa sabini na saba mimi ni muujiza.