Kuchechemea Tallinn

Alhamisi, 12 Desemba

Melini. Bahari imetulia, mimi bado. Mke wangu Marketta anafuma soksi na kusema hii ni likizo fupi tu: kutembea mji mkongwe, kunywa mvinyo moto, kumwona binti yetu kabla ya Krismasi. Mwache aamini hivyo. Likizo! Tangu nizaliwe sijawahi kwenda likizo Desemba. Desemba mtu hukaa kwake Lahti, Ufini, akazoa theluji yake, akangoja Krismasi imkute mlangoni.

Sababu halisi ni neno moja. Wiki iliyopita nilimpigia binti yetu Outi simu, huko Tallinn anakoishi. Nikaongea juu ya baridi, nikaongea juu ya paa, nikaongea juu ya gari la jirani linaloziba njia. Mwishoni nikapenyeza, kama mtu asiyejali, kwamba mapaja ya nguruwe ya Krismasi yameanza kupungua madukani. Akajibu, "Tutaona, baba."

Tutaona! Neno hilo lina meno. Tangu siku ile sijapata lepe la usingizi. Mwaka jana yeye na mumewe Margus walikuja kwetu. Mwaka juzi pia. Kwa haki, mwaka huu ni zamu ya baba yake Margus, Mzee Kalju, mgane anayeishi peke yake pembezoni mwa Tallinn. Lakini nani kasema Krismasi ni jambo la haki? Nikifumba macho naona meza yetu ina sahani mbili. Mimi na Marketta, na katikati yetu paja la nguruwe la kulisha kikosi kizima cha zimamoto.

Mpango ninao. Sitaomba. Anayeomba hukataliwa. Nitamfanya Outi ajionee mwenyewe kwamba Krismasi ya Tallinn si Krismasi, mpaka yeye ndiye aombe kuja nyumbani. Hila ya hali ya juu. Marketta haambiwi kitu.

Jioni. Outi alitupokea bandarini. Nilitarajia kumkuta amekonda kwa kutukumbuka. Hajakonda. Amenenepa kidogo, na hilo linauma zaidi.

Nilianza kazi mara tulipofika uwanja wa mji mkongwe, kwenye soko la Krismasi. Nilimwambia Outi kwamba mti wao mkubwa umepinda. Aliutazama sana. Mtalii mmoja akasikia, akainamisha shingo. Mkewe naye akainamisha. Muda si muda watu wengi walikuwa wamesimama na shingo upande kama kuku wanaomwona mwewe. Marketta akasema mti uko wima kabisa, ila mimi nimesimama mguu mmoja juu ya jiwe, mwingine chini. Outi akacheka. Akasema huu ndio mti mzuri kuliko yote aliyowahi kuiona.

Nimelala na mvinyo moto unaonichoma kifuani. Au ni wasiwasi. Siku hizi sivitofautishi.

Ijumaa, 13 Desemba

Ijumaa, na tarehe kumi na tatu. Mwenye akili angebaki kitandani.

Tulialikwa chakula cha mchana kwa Kalju. Mpango: kula kidogo, kupumua kwa nguvu, kutazama dirishani kama mtu aliye mbali na kwao. Outi ataona kwamba chakula cha ugenini hakipiti kooni mwa baba yake.

Kalju ni mrefu, mpole, ana mikono kama sepeto. Zamani alikuwa akiendesha kreni bandarini. Kifini chake alijifunza kwa kutazama televisheni yetu kutoka ng'ambo ya maji, kwa hiyo anaongea kama mtangazaji wa habari wa enzi hizo. Ananiita "mkwe mwenzangu mheshimiwa". Sijui kama ni heshima au dhihaka. Nimeamua ni dhihaka.

Akaleta soseji za damu alizotengeneza mwenyewe. Kabichi chachu. Nyama ya nguruwe yenye ngozi inayolia mdomoni. Sahani ya kwanza nilikula kwa adabu. Ya pili nilikula kwa bahati mbaya. Ya tatu siikumbuki. Nilipojaribu kupumua kwa huzuni, mkanda haukuniruhusu, ikatoka sauti kama ya ng'ombe.

"Mkwe, umeshiba vibaya," Kalju akasema. "Dawa yake ni sauna."

Hapo nikapata matumaini! Sauna yake iko uani, ameijenga kwa magogo. Mfini ndani ya sauna ni samaki ndani ya maji. Nikajua nitamwaibisha huyu mzee mbele ya binti yangu, na Outi atakumbuka mvuke wa kweli uko wapi.

Tukapanda benchi la juu. Akamwaga maji kwenye mawe, akaniuliza kwa upole kama joto linanitosha au anipunguzie. Nikamjibu kwamba kwetu joto hili tunakaushia soksi. Akamwaga tena. Nikashika benchi kwa mikono miwili. Akamwaga tena, huku akiimba wimbo wa kanisani chinichini, wala hatoki jasho! Masikio yangu yakaanza kunong'ona. Nikaona marehemu bibi yangu amesimama kwenye kona, ananipungia mkono. Nikamwambia Kalju nakwenda mara moja kuangalia hali ya hewa.

Outi na Marketta walikuwa wanaosha vyombo. Kupitia dirisha la jikoni waliniona nimelala kifudifudi kwenye theluji, nimejifunga taulo tu, nikiila hiyo theluji. Outi akafungua dirisha, machozi ya kicheko yanamtoka.

"Baba! Miaka mingi sijakuona na furaha namna hii!"

Furaha! Nilikuwa nakata roho!

Tukirudi mjini, Outi akasema nyumba ya Kalju inapendeza sana wakati wa Krismasi, na mishumaa anatengeneza mwenyewe. Marketta akasema, "Kweli?" na akataka kujua anaitengenezaje. Msaliti. Mishumaa! Mtu gani anatengeneza mishumaa?

Jumamosi, 14 Desemba

Naandika nimelala. Mguu uko juu ya mito. Nitaeleza.

Asubuhi niliamka na wazo jipya: huruma. Mtoto gani atamwacha baba yake kiwete wakati wa Krismasi? Nikanunua bakora ya kuchongwa sokoni, ina kichwa cha dubu, nikaanza kuchechemea. Sikupitiliza. Kidogo tu, na hapa na pale "aa", kwa sauti ya mtu anayeficha maumivu lakini yamemzidi.

Outi alikuwa na shughuli, tukakubaliana atukute baadaye chini ya kilima, yeye na Kalju. Margus yuko zamu hospitalini, huko anakouguza watu wanaoumwa kweli. Mimi na Marketta tukapanda kilimani kuangalia paa za mji. Nikafanya mazoezi njia nzima. Tulipogeuka kushuka, Marketta akaniita pembeni.

"Veijo, mguu umehama."

Nikamuuliza una maana gani.

"Ulipanda ukichechemea wa kulia. Sasa unachechemea wa kushoto. Niambie unautaka upi, nisije nikamchanganya mtoto."

Nikamweleza kwamba maumivu ya uzee husafiri. Akaniangalia vile anavyoliangalia jokofu likianza kunguruma. Kisha akatoa simu, akaandika ujumbe. Sikujali. Laiti ningejali!

Kutoka kilimani kuna njia mbili. Moja inaitwa Mguu Mrefu, nyingine Mguu Mfupi. Mtu mwenye busara angeona ishara. Mimi niliona tu kwamba Outi amesimama chini ya Mguu Mfupi, ananitazama, na kwamba yule ndiye mtazamaji niliyemtaka. Nikatia bidii. "Aa," nikasema. Nikaegemea bakora. Bakora ikakanyaga barafu.

Nilishuka ngazi kadhaa za mawe kwa makalio, dubu akitangulia. Kifundo cha mguu kikalia kwa sauti ambayo sikuiigiza.

Outi akaja taratibu. Hakukimbia! Akafunga mikono kifuani.

"Baba, mama ameshaniambia. Inuka, watu wanapita."

Nikamwapia kwamba mguu huu umeumia kweli.

"Na wa asubuhi?"

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikuwa imepewa hata jina. Nilibaki nimekaa kwenye barafu, nikaogopa kuliko nilivyowahi kuogopa safari hii yote. Sikuogopa mguu. Niliogopa uso wake. Hakuwa na hasira. Alikuwa amechoka.

Kalju ndiye aliyechuchumaa, akanivua kiatu, akabonyeza. Nikapiga kelele. Akamwambia Outi kwamba mguu umevimba kama mkate, huu si mchezo. Mwanangu akabadilika rangi, akanishika kichwa, akaniita "baba, baba." Nusu yangu ililia, nusu ilifurahi. Halafu kabla sijasema lolote, Kalju akanigeuzia mgongo, akanipakia juu kama gunia.

Ndivyo nilivyovuka uwanja wa soko. Mgongoni. Mbele ya mti, mbele ya vibanda vyote, mbele ya watalii waliotupiga picha. Kundi moja likadhani ni maonyesho, likapiga makofi. Marketta alikuja nyuma amebeba dubu.

"Mkwe, legeza mkono, unaninyonga," Kalju akasema. Nikalegeza. Akatembea kidogo, kisha akaongea bila kugeuka, na safari hii hakuongea kama mtangazaji.

"Nikwambie kitu? Zile soseji nilizifanyia mazoezi. Za kwanza zilipasuka zote. Na sauna niliianza kuwasha alfajiri, ili ikushinde."

Nikamuuliza kwa nini.

"Nilikuogopa. Nilijua umekuja kumchukua. Wakija kwenu tena, mimi nakula na redio."

Mtu akiwa mgongoni mwa mwenzake hana pa kuficha uso. Nikauficha kwenye kofia yake. Baridi, bila shaka.

Jumapili, 15 Desemba

Kwa Outi. Margus amenifunga bandeji na kusema hakuna kilichovunjika. Nilikalishwa kwenye kochi, mguu juu ya kigoda. Wote walikuwepo. Biskuti za tangawizi, kahawa. Mimi kichwani nikapanga upya: nianze kwa kumbukumbu za utotoni, niingie kwa uji wa mchele wa Krismasi wenye lozi moja iliyofichwa, ya bahati kwa anayeipata, nikumbushe nani aliipata akiwa mdogo, nimalizie kwa kunyamaza. Kunyamaza ndiko kungemaliza kazi.

Ndio kwanza nilikuwa nafungua mdomo. Marketta, bila kuinua macho kwenye soksi yake, akasema, "Outi, Krismasi mtakuja?"

Moyo ulisimama! Hivyo hivyo tu! Mikakati yangu yote imemwagwa kama maji ya mopu!

"Tutakuja, mama," Outi akasema. "Mbona hamkuniuliza mapema? Nilikuwa nangoja mniite. Baba kila akipiga simu ni habari za paa."

Nikasema kwa hasira kwamba nilimwambia wazi kabisa mapaja ya nguruwe yanapungua!

"Nilidhani unalalamikia duka, baba."

Watu wakacheka. Kalju hakucheka. Alikuwa ameinuka na kwenda dirishani, akawa anatazama maegesho ya magari kwa makini, kana kwamba kuna sinema huko. Marketta akamwambia na yeye aje, chumba cha juu kipo, kina kitanda kirefu. Kalju akarudi kwenye Kifini chake cha habari, akasema hangependa kuisumbua familia tukufu.

"Kalju. Nimekualika uje. Kusumbua sijakualika," Marketta akasema.

Akavua miwani, akaifuta. Akaifuta tena. Akasema ataleta soseji.

Baadaye Outi alikuja akakaa kwenye kochi, karibu na mguu wangu, akaweka mkono juu ya bandeji kama mtu anayemtuliza paka.

"Ungesema tu 'njoo', baba. Neno moja."

Nikasema, "Hm." Kwetu hiyo ni hotuba.

Jumatatu, 16 Desemba

Nyumbani. Theluji imejaa mlangoni, Marketta anaizoa, mimi ni mgonjwa.

Nimefanya tathmini. Ushindi kamili! Marketta anadhani ni swali lake. Si kweli. Nisingeanguka, tusingekusanyika kwa Outi. Tusingekusanyika, asingeuliza. Na nisingechechemea, nisingeanguka. Kwa hiyo ni kuchechemea. Nimemweleza hivyo. Amesema chai iko mezani.

Jioni Outi akapiga simu. Akasema Margus anaweza kupata ruhusa kazini. Akauliza kama tungependa wakae mpaka Mwaka Mpya, wao na Kalju.

Mpaka Mwaka Mpya! Nilitaka kuruka, mguu ukanikumbusha. Lakini mimi si mtoto. Mtu haonyeshi njaa. Nikaivuta sauti yangu ya baridi kabisa, nikajibu, "Ni juu yenu, mwanangu. Sisi kwa vyovyote hatuna shida."

Kisha akasema basi sawa, kama tuna mambo yetu watarudi Tallinn tarehe ishirini na saba.

Marketta alikuwa amesikia yote. Akaweka soksi chini, akatoka jikoni.

Tarehe ishirini na saba! Ni lazima wazuiwe, na wasijue wamezuiwa. Betri ya gari? Funguo kupotea? Hapana, hili linataka watu wawili. Nimempigia Kalju. Yeye ni mtu wa kuelewa. Amekubali kuugua kwetu siku moja kabla ya safari yao ya kurudi, na anaanza mazoezi kesho. Ameniuliza tu kikohozi nakitaka kikavu au cha makohozi.