Yah: Gari Langu Litambuliwe Kuwa Jengo la Chuo

Chuo cha Jamii cha Mesa Parda,
Maegesho C, karibu na nguzo ya taa.

Mheshimiwa Dkt. Lindqvist, Mkuu wa Chuo,

Pokea salamu zangu. Mimi ni Ofelia Tarango, mwalimu wa muda wa uandishi kwa miaka kumi na minne, na katibu wa Kamati ya Usawa wa Walimu. Uliponinyima ofisi mara ya sita ulisema, "Mwalimu, nafasi hakuna. Jaza fomu, usubiri kikao cha mwakani." Nimekuelewa. Ofisi sitaki tena. Naomba gari langu, ambamo ninawasikilizia wanafunzi, litambuliwe rasmi kuwa jengo la chuo. Sababu zangu ni hizi:

1. Jumanne mwanafunzi wangu Thuy Lam, anayetaka kuacha masomo ili amuuguze mama yake, alikuwa analia kwenye kiti cha mbele. Askari wa maegesho akagonga kioo: "Mama, muda wako umeisha, sogeza gari." Thuy akafuta machozi akashuka, na darasani hajarudi. Hili linaniuma kweli. Jengo haliambiwi lisogee.

2. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe nimepewa, nalima tangu zama hizo, ila nyumba ndiyo sijaonyeshwa.

3. Mwalimu wa kudumu ana mlango mmoja. Mimi ninayo minne, na wa tano nyuma, palipo na mitihani na buti za mvua. Kwa milango basi nimemzidi Dkt. Haverty, ambaye ofisi yake yenye dirisha anawekea baiskeli.

4. Jumatano nafundisha chuo cha jirani, Alhamisi kingine, na jengo hili naenda nalo. Maana yake utakuwa umefungua matawi mawili bila kunyanyuka kitini. Jisifu tu, sitakukatiza.

5. Jengo lina mtu wa usafi. Aje Ijumaa. Chini ya kiti cha nyuma kuna nusu tamali, ule unga wa mahindi wenye nyama ndani, ya Krismasi, asishtuke. Jengo pia hupewa jina la mtu mashuhuri, nami napendekeza langu. Siku ya uzinduzi ukate utepe, tafadhali, usikate mkanda wa usalama.

Kwa kifupi, kila mwalimu apate pa kumsikiliza mwanafunzi wake, awe wa kudumu au wa muda, mkongwe au wa jana.

Nisalimie mama watoto, Bi. Rosalind wa masijala, na wale samaki wa mapokezi, ambao wana chumba chao cha kioo.

Wako katika kudai usawa,
Ofelia Tarango

N.B. Nikiwa nafunga bahasha, Darnell Pettiford, mwalimu wa muda aliyeanza Agosti na anayekuja kwa basi, ameniomba kiti cha nyuma nusu saa, amsikilize mwanafunzi. Nimemjibu, "Mdogo wangu, nafasi hakuna. Jaza fomu, usubiri kikao cha mwakani." Akaenda kumwarifu mwanafunzi aliyekuwa akingoja juani. Nimechungulia kwenye kioo cha pembeni, ni Thuy. Barua hii usiijibu kwanza, nashuka kuwafungulia mlango.