Profesa wa Nyuki

Jumatatu, 4 Machi

Mkaguzi anakuja Alhamisi. Mwalimu mkuu katangaza: darasa litakaloonyesha vizuri zaidi namna ya kutafuta habari mtandaoni litapewa chumba cha kompyuta asubuhi. Litakaloshindwa litaingia mchana, wakati umeme umeshakwenda zake. Yaani watoto wangu wa darasa la tano warudi kwenye ile kompyuta niliyowachorea ubaoni kwa chaki. Walikuwa wanaibonyeza mpaka herufi zinafutika. Sikubali.

Mshindani wangu ni mwalimu wa darasa la sita, ambaye pia ni shemeji yangu, mdogo wa kike wa mke wangu. Nyumbani mpole. Shuleni hakuazimi hata waya wa projekta.

Nakiri hapa: mke wangu nimeshamwambia chumba tumepata. Limenitoka tu, nikiwa nanawa mikono.

Jumanne, 5 Machi

Mazoezi. Swali: nyuki hulala wapi? Nikawaambia watoto wachukue jibu la juu kabisa, maana halikupanda huko bure. Binti mmoja tunayemwita Redio, kwa kuwa hazimiki, akasoma alichopata: kwenye godoro la springi, lenye dhamana, na kuletewa nyumbani ni bure. Darasa zima likaandika. Mimi nilikuwa nimeshaandika "godoro" ubaoni.

Shemeji alikuwa mlangoni. Akasema taratibu kwamba ya juu mara nyingi ni matangazo ya biashara, shemeji. Nikamjibu najua, nilikuwa nawapima. Nakiri: nilikuwa sijui.

Jumatano, 6 Machi

Njia nimeipata. Kama mtandao hauna jibu zuri, naliweka mwenyewe! Wakati wa mapumziko nimejifungia chumba cha kompyuta, nikatengeneza ukurasa. "Maisha ya Nyuki", umeandikwa na Profesa. Profesa nani? Profesa inatosha. Nimeandika ya kichwani: nyuki hulala kwa zamu, na malkia hulala wa mwisho, akishahakikisha mlango umefungwa. Huyo ni mke wangu, lakini nyuki naye si ana nyumba?

Ukurasa ukadai picha ya mwandishi. Nikaweka yangu ya harusi, nikaikata vizuri, nikajichorea miwani na ndevu. Watoto nikawaelekeza humo. Wanajibu kabla sijamaliza kuuliza.

Dhamiri inanisuta kidogo. Nimeiambia isubiri mpaka Ijumaa.

Alhamisi, 7 Machi

Mkaguzi kakaa nyuma, kwenye dawati la mtoto, magoti karibu yaguse kidevu. Darasa langu likaanza. Swali, jibu. Swali, jibu. Mkaguzi anaitikia kwa kichwa. Nikamtazama shemeji. Anatazama kucha zake.

Ikaja zamu ya la sita. Shemeji hakuleta swali jipya. Akawaambia wanafunzi wake wafungue ukurasa uleule waliotumia wenzao, wamtafute aliyeuandika. Projekta ikawaka, Profesa akajaa ukuta mzima. Kumbe kwenye kioo kidogo mengi hayaonekani. Begani kwa Profesa kulikuwa na mkono uliovaa glavu nyeupe, na ua la zambarau kwenye kifundo. Na siku ya harusi yetu, mpambe wa bibi harusi alikuwa nani?

"Huo mkono ni wangu," akasema shemeji.

Redio akasogea ukutani, akazitazama zile ndevu kwa karibu.

"Mwalimu, kwani profesa ni wewe?"

Nikasema tunafanana tu. Mkaguzi akauliza kama tunafanana mpaka kovu la kwenye nyusi.

Ijumaa, 8 Machi

Asubuhi wamepewa la sita. Mimi nimeambiwa sitagusa projekta mpaka nikae nyuma ya darasa la shemeji, nijifunze pamoja na watoto.

Mchana watoto wangu waliingia, umeme ukakatika. Hawakulalamika. Redio akaniomba chaki, akachora kipanya mwenyewe, na waya wake, akaanza kukisogeza ubaoni kwa kiganja. Hapo ndipo paliponiuma. Nikawaomba radhi darasa zima, nimesimama, kofia mkononi. Wakasema haya, mwalimu.

Nyumbani nikamwambia mke wangu yote. Alikuwa anajua tangu jana, mdogo wake alimpigia simu. Hakugomba. Aliuliza tu, "Mume wangu, kusema hujui kunauma wapi?"

Nimeazimia kubadilika.

Jumatatu, 11 Machi

Dawati la nyuma, magoti kidevuni. Nimetubu na ninasikiliza. Shemeji kafundisha kwamba habari ya ukurasa mmoja haiaminiki hivihivi. Tafuta waandishi wengine wawili, wasiojuana, uone kama wanasema hivyohivyo.

Kumbe kosa lilikuwa hapo! Profesa wangu alikuwa peke yake.

Mkaguzi atarudi muhula ujao, na watoto wangu lazima waipate asubuhi yao. Nikaomba nibaki kwenye kompyuta nifanye mazoezi. Shemeji alifurahi mpaka akanivutia kiti. Nimetengeneza kurasa mbili, moja ya Daktari wa Mizinga, nyingine ya Bibi Mfugaji, mjane. Wote wanakubaliana na Profesa kuhusu malkia na mlango. Mjane nimemfanya abishe kidogo kuhusu zamu, wasije wakaonekana wamepanga.

Picha za harusi nimeachana nazo kabisa. Daktari nimempa ya kitambulisho changu cha kazi. Mjane nimempa hiyohiyo, ila nimemfunga kilemba.