Jemedari Lazima Arudi

Jumatatu, 3 Machi
Jirani yetu, mwalimu mstaafu, kalalamika tena. Eti Jemedari, jogoo wetu, anawikia dirishani kwake. Mke wangu kaamua: kuku sita wa mayai wanatutosha, jogoo aende kwa shemeji. Nikamwambia bila jogoo kuku hawatagi. Akacheka mpaka akashika ukuta. Basi tujaribu, akasema: Jemedari akae kwa shemeji wiki moja. Mayai yakipungua, anarudi. Yasipopungua, ndiyo imetoka. Nimekubali. Jogoo huyu nimemlea kwenye boksi la viatu, na humu ndani ndiye pekee anayenisikiliza mpaka mwisho. Atarudi.

Jumanne, 4 Machi
Mayai matano. Wasaliti! Bahati nzuri mke wangu yuko kazini mchana kutwa, mimi nashonea sebuleni, na banda liko hatua kumi tu. Nimebakiza mawili. Matatu nimeyafukia kwenye gunia la vipande vya vitambaa, kando ya cherehani. Jioni mke kaona mawili tu. Nikashusha pumzi kwa huzuni. Niliishusha vizuri sana.

Jumatano, 5 Machi
Sita! Tangu tuwafuge hawajawahi kufikisha sita. Nimeacha moja, matano guniani. Shemeji kapita kusema Jemedari hajawika hata mara moja. Jogoo wa shamba hawiki mjini, akanitania. Nikamjibu kwamba anaomboleza. Mke wangu kaanza kukuna kichwa. Nimelala nikitabasamu.

Alhamisi, 6 Machi
Mwalimu kaja kupanuliwa suruali kiunoni. Nikamwonyesha kiti. Akasema mgongo unamsumbua, anataka palipo laini. Kabla sijafungua mdomo, ameshaketi juu ya gunia.

Mayai manane.

Mke wangu, ambaye leo tu katoka kazini mapema, kamkuta mwalimu kainama nami nampangusa kwa bitana. Mwalimu akauliza kwa upole kama siku hizi nataga mwenyewe. Mke akamwaga gunia, akahesabu maganda. Siku za mwizi ni arobaini. Zangu zimekuwa tatu. Hukumu: Jemedari ni wa shemeji moja kwa moja. Roho imeniuma kweli. Nimeshindwa hata kutia uzi kwenye sindano.

Ijumaa, 7 Machi
Nimefua suruali ya mwalimu. Nimemwomba mke wangu radhi, nikaapa sitadanganya tena kuhusu mayai. Sijadanganya. Tatizo letu sasa ni usalama. Bila jogoo, nani atawatahadharisha kuku mwewe akija? Mke kasema katika mtaa huu hajawahi kuona mwewe. Basi leo saa nane mchana mwewe kamchukua kuku wetu mwekundu. Nitampa taarifa akirudi kutoka kazini, uso nimeshauandaa. Kuku mwenyewe nimemfungia kabatini, kwenye zile sare thelathini nyeupe za shule ninazokabidhi Jumatatu. Nimemwekea mahindi na bakuli la maji. Katulia kabisa.