Uji Unaokula Rangi

Jumatatu, 12 Septemba 1994, mtaa wa Tena, Nairobi
Kinyanjui, keateka anayetunza ploti hii ya nyumba za kupanga, amekuja na ile sauti yake ya kusoma matangazo kanisani. Eti maji ya rangi ya Asenath yamefanya mtaro kuwa mwekundu. Mwenye ploti ametupa hadi Ijumaa: maji yatoke safi, la sivyo mke wangu aache kutia vitambaa rangi hapa. Na ndiyo kazi inayotulisha tangu kiwanda kiliponifuta kazi! Nimemwambia Asenath asijali, mumewe ana akili. Ameketi chini.

Jumanne, 13
Dawa imepatikana! Opicho, fundi wa kuchomelea vyuma kule Kariobangi, humwaga uji mweupe wa chokaa unaobaki kwenye mtungi anaotengenezea gesi ya kuchomelea. Nimeuona umeingia dimbwi chafu na dimbwi likatakata. Nimeomba debe moja. Amecheka, akasema beba hata mbili, buda, hiyo ni takataka. Takataka! Hajui anachokimwaga.

Jumatano, 14
Nimekoroga. Mikono imebabuka. Lakini baada ya saa mbili rangi yote ilizama chini kama majani ya chai, na juu maji safi kabisa! Asenath amefurahi hadi akanikumbatia. Kisha akasema niachie hapo hapo. Kuacha? Na Kinyanjui hajaona?

Alhamisi, 15
Kinyanjui ameona. Amechungulia, amenusa, amesema ataamua kesho. Hata asante hakuna! Nimeudhika mno. Alipoenda zake nimetoa koti lake la bluu kwenye kamba, lile la mzee wa kanisa, nikaliloweka katika maji yangu. Akilikuta linang'aa atakosa la kusema.

Ijumaa, 16
Koti limekuwa rangi ya uji wa wimbi. Bluu imebaki kwenye kola na mfuko mmoja. Nimemweleza Kinyanjui kwamba huu ndio ushahidi wenyewe: dawa inaondoa rangi. Hakuelewa. Amesema tuhame Jumatatu. Asenath ameniita Wabwire. Siku zote mimi ni Baba Triza, hata nikikosea vipi. Nimeogopa, sitaficha.

Jumamosi, 17
Asenath hakuniomba ushauri. Amelitia koti rangi nyeusi, akalipiga pasi, akampelekea Kinyanjui mwenyewe. Jamaa amejitazama dirishani mara tatu! Amesema hata mazishi sasa ataenda kwa raha. Tumebaki, na kazi imebaki, kwa masharti mawili: uji wa Opicho aushike Asenath peke yake, na mimi nisiguse maji yoyote ya ploti. Nimeapa mbele ya wote wawili.

Jumapili, 18
Wote wako kanisani. Nimetafakari kwa unyenyekevu na kosa langu nimeliona: nilifanya kazi ndogo mno. Tangi la ploti lina kutu, mifereji yote inatoa maji ya kahawia, na hakuna anayejali! Madebe matano ya uji yatatosha. Opicho ameshayaleta. Ngazi ya Kinyanjui nimeiazima. Hawarudi kabla ya saa saba, na Asenath atajivunia mumewe.