Friji Zilizokuwepo Kweli

Kila mji una mtu mmoja ambaye hajawahi kununua kitu lakini ana risiti ya kila kitu. Wa mji huu watu walimwita Risiti. Alikuwa mwembamba na nadhifu, shati limepigwa pasi hata kama pasi yenyewe ni ya kuazima, na mdomo wake ungeweza kumtoa nyoka pangoni, ukamvua ngozi, kisha ukamuuzia nyoka yuleyule mkoba.

Siku mambo haya yalipoanza, Risiti alikuwa amesimama mbele ya kaunta ya kuchukulia mizigo katika duka kubwa la ghorofa tatu, lile ambalo unaagiza kwa simu ukiwa umejilaza kwako, kisha unakwenda kuchukua mzigo wako. Alikuwa ameagiza birika la umeme, dogo, la bei ya chini kabisa, na kwa masikitiko yake alikuwa amelilipia. Simu ilimwambia lipo moja, njoo uchukue. Akaja. Dada wa kaunta, msichana mwenye miwani na subira nyingi, aliingia ndani, akakaa nusu saa, akatoka mikono mitupu na utando wa buibui kwenye nywele.

"Samahani, kaka," alisema. "Kompyuta inasema lipo. Rafu inasema halipo."

"Na wewe unamwamini nani?"

"Mimi naamini rafu. Lakini mshahara wangu unatoka kwenye kompyuta."

Kisha, bila kuombwa wala kutishwa, akamletea birika jingine, la kioo, lenye taa ya buluu ndani, la bei mara tatu ya lile, akampa kwa bei ya lile dogo. Risiti akauliza kama kuna mtu amekufa. Dada akamwonyesha tangazo ukutani: ukikosa ulichoagiza, unapewa kilicho bora zaidi kwa bei ileile. Risiti alilisoma mara tatu, polepole, kama mtu anayesoma wosia na kukuta jina lake.

Hapa inabidi tuseme ukweli kuhusu Risiti, maana yeye mwenyewe hakuwa na desturi hiyo. Mke wake alikuwa amerudi kwao miezi mitano iliyopita. Alitoka kumpeleka dada yake hospitali, akarudi nyumbani akakuta mumewe ameuza jiko, friji na kitanda, na sasa amesimama katikati ya chumba kitupu akimweleza kwamba siku hizi watu wa maana wanalala chini, ni vizuri kwa mgongo. Mke hakubishana. Alikusanya nguo zake, akaondoka, na tangu siku hiyo hakupokea simu yake hata moja. Aliyepokea ni mama mkwe, na mama mkwe alikuwa na sharti moja tu: Jumamosi ya mwisho wa mwezi atakuja na binti yake kukagua nyumba. Wakikuta kitanda, jiko na friji, binti atabaki. Wasipokuta, kila mtu ashike njia yake.

Risiti alimpenda mke wake, na hilo halikuwa changa la macho. Usiku alilala upande mmoja tu wa mkeka ili asichukue nafasi yake. Majirani walipomuulizia shemeji, alijibu, "Yupo, ametoka kidogo," na akajibu hivyohivyo miezi mitano mizima, mpaka jirani mmoja mwenye adabu akazoea kupiga hodi na kuusalimia mlango.

Mtu wa kawaida, baada ya lile birika la kioo, angemwomba Mungu kompyuta ikosee tena. Risiti hakupenda kumsumbua Mungu kwa mambo madogo. Alirudi dukani kama mteja, mikono nyuma, akatembea taratibu akitazama rafu zenye kitu kimoja kilichobaki. Pasi ya mwisho aliitia ndani ya sufuria kubwa akaifunika. Feni ya mwisho aliisimamisha nyuma ya mapazia. Birika jingine la mwisho alilivika foronya, akalilaza katikati ya mito likalala kweli. Kisha alitoka nje, akakaa kwenye benchi, akaagiza kwa simu vitu vilevile. Kompyuta, ambayo kazi yake ni kukaa na kusema, ikasema vipo. Dada wa kaunta akatafuta mpaka miwani ikaingia ukungu. Risiti akapewa vilivyo bora.

Kwa kazi hii alikuwa na huzuni za aina tatu. Ya kwanza ilikuwa ya mtu aliyefikiwa na wageni ghafla. Ya pili ilikuwa ya mtu mwenye mama mgonjwa. Ya tatu haikuwa na maneno, ni macho tu na kidevu, na hiyo aliitunza kwa ajili ya vitu vikubwa. Kwa huzuni ya tatu aliagiza jiko la gesi la vichwa viwili, akapewa la vichwa vinne lenye oveni.

Mtauliza kitanda alikifichaje. Hakukificha. Alibandika karatasi kwenye kile kitanda chembamba cha mwisho, ameandika kwa herufi kubwa: MALI YA WAFANYAKAZI. Kila aliyetumwa kukitafuta alikipita kwa heshima, na kufikia saa saba mchana mlinzi alikuwa amelala juu yake. Risiti akaondoka na kitanda kipana chenye droo nne.

Kwa hiyo, wiki moja kabla ya Jumamosi ya ukaguzi, chumba kilikuwa na kitanda na jiko, na Risiti alivifuta vumbi asubuhi na jioni. Ilibaki friji tu. Jumatatu iliyofuata alikuwa kaunta akichukua kitu kidogo cha kuweka mkono sawa, dada wa kaunta akamsogelea. Akamwambia kwamba yeye ni mteja wao wa damu, basi ampe siri.

"Kuna friji ndogo za bei ya kufagia stoo," alinong'ona. "Kompyuta inasema ziko ishirini na nne. Sisi tunaomba tu asitokee mtu wa kuziagiza."

"Na rafuni?"

"Rafuni kuna vumbi lenye umbo la friji."

Risiti alikwenda kuliona. Lilikuwepo, vumbi safi kabisa, lenye mraba mweupe katikati. Aliyekosa ile ndogo angepewa ile kubwa ya milango miwili, yenye kutoa barafu yenyewe, iliyosimama pale kando iking'aa. Moja ya hizo ilitosha. Aseme moja, aipeleke nyumbani, aoge, amsubiri mke wake. Alisimama pale muda mrefu akijiambia "moja," na kila alipoitamka, ulimi ulikwenda wenyewe kwenye ishirini na nne.

Alimjua mtu mmoja mwenye nyumba ya wageni, ambaye alikuwa akitafuta friji za vyumba vyake. Alimwahidi kubwa ishirini na tatu kwa bei ambayo mwenye nyumba ya wageni, mtu mwenye tamaa ya kawaida, aliona ni wizi, akafurahi, akatoa nusu ya pesa kabla hajauliza zimetoka wapi. Bado pesa ya kuagizia haikutimia. Basi Jumatano Risiti aliuza kitanda. Alhamisi aliuza jiko. Alijiambia kwamba Ijumaa jioni atanunua vingine, vizuri zaidi, na godoro jipya juu. Wahenga walisema tamaa mbele, mauti nyuma, lakini wahenga hawakuwahi kuishi karibu na duka lenye ofa. Kwenye simu kulikuwa na maandishi madogo kwamba bidhaa za kufagia stoo hazibadilishwi wala hazirudishwi. Aliyasoma. Aliona yanawahusu watu wanaopata walichoagiza.

Ijumaa mchana alifika kaunta amejivika huzuni ya tatu. Nje gari la mizigo la kukodi lilikuwa limeegeshwa, na mwenye nyumba ya wageni amekaa mbele karibu na dereva. Dada wa kaunta alitazama namba ya agizo. Safari hii hakwenda kutafuta. Alibonyeza kengele.

Milango ya stoo ikafunguka, likatoka toroli. Juu yake kulikuwa na friji ya rangi ya njano iliyofika kiunoni, yenye vitundu vya mviringo usoni kama redio. Nyuma ya toroli, amevaa aproni ya duka, penseli sikioni na daftari kwapani, alikuwa mke wa Risiti.

"Moja," alisema mkewe, akaweka alama kwenye daftari.

Huzuni ya tatu ilibaki usoni mwa Risiti vilevile ilivyokuwa, ila sasa haikuwa ya kuigiza. Mkewe aliingia ndani, akatoka na ya pili, akaingia, akatoka na ya tatu. Hakuharakisha. Ilipofika ya tisa Risiti akauliza.

"Unafanya kazi hapa?"

"Mwezi wa tatu huu. Mimi ndiye nahesabu mali ya stoo." Akaishusha friji. "Wenzangu walisema vitu vinapotea. Nikakuta birika limevaa foronya. Ndoa yetu nzima, kila ulichotaka nisikione ulikitia kwenye foronya. Nikajua mume wangu anakuja dukani."

Risiti alimwambia kwamba amekonda. Mkewe alisema hajakonda. Risiti akamwambia amekuwa akiwaambia majirani kwamba mkewe yupo.

"Nimesikia," alisema mkewe. "Na kompyuta ilikuwa inasema birika lipo."

Alipofikisha ishirini na nne alifunga daftari na kumweleza yote bila kupandisha sauti. Zile friji zilikuwa stoo miaka sita. Yeye mwenyewe alizihamisha nyuma ya magodoro, na yeye ndiye aliyemtuma dada wa kaunta akamtajie idadi.

"Nilikuwekea zote ishirini na nne nione utaagiza ngapi," alisema. "Ungeagiza moja, ya nyumbani, ningesema haipo. Ningekuletea ile kubwa, tofauti ya bei ningeikata kwenye mshahara wangu, nami ningekuja nyuma yake na mzigo wangu. Nguo nilishafunga."

Risiti alitazama sakafu. 

"Kitanda kipo?" mkewe aliuliza. "Kile chenye droo?"

Risiti akaanza kuifuta vumbi friji iliyo karibu, na hilo lilimtosha. Macho ya mkewe yalilowa, akayafuta kwa kona ya aproni. Alisema mama yake hajui lolote kati ya haya, anajua tu kwamba kesho wanakwenda kukagua nyumba. "Utampigia mwenyewe," alisema. "Mimi simdanganyi mama yangu kwa niaba yako."

Hapo meneja akaja mbio, tai begani, akaushika mkono wa Risiti kwa mikono yake miwili. Ilikuwa imeamuliwa makao makuu kwamba mwisho wa mwezi ama friji zile zitoke, ama mhesabu wa stoo atoke, na sasa zimetoka zote kwa mteja mmoja. Alitaka apigwe naye picha. Risiti akauliza, kwa unyonge, kwa nini miaka sita hazikununuliwa. Meneja akaacha kutabasamu, akafungua mlango wa iliyo karibu. Sauti ya mwanamke, laini na isiyo na haraka, ikatoka kwenye vile vitundu.

"Umefungua tena. Una haja kweli, au ni mazoea tu?"

"Inaongea?"

"Ziliundwa kwa ajili ya wanaotaka kupungua mwili," alisema meneja. "Ina betri ndani, hata usipoichomeka inaongea."

"Haizimwi?"

"Tumejaribu miaka sita," alisema meneja, akapiga picha, akaondoka haraka kuliko alivyokuja.

Friji zikatolewa zote mpaka uwanjani. Mwenye nyumba ya wageni alishuka garini akitafuta milango miwili na barafu. Risiti akajikakamua, akaanza kumwaga maneno: rangi ya njano inavuta wageni, udogo unaokoa umeme, wenzake wote mjini wanazigombania. Yalikuwa maneno mazuri, na mwenye nyumba ya wageni alianza kulainika. Akainama, akafungua moja.

"Umefungua tena," friji ikamwambia. "Una haja kweli, au ni mazoea tu?"

Yule bwana akafikiri. Huenda ilikuwa mara ya kwanza mtu kumuuliza. "Kwa kweli," alisema, "haja sina." Akasema atakuja kesho kuchukua ile nusu ya pesa aliyotoa, na kwamba hatakuja peke yake, akaondoka na gari.

Mlinzi akaja kusema geti linafungwa saa kumi na moja na uwanja uwe mtupu. Risiti alikaa juu ya friji mojawapo. Aliitoa simu, akaitazama, akairudisha mfukoni, akaitoa tena. Angeweza kusema nyumba inapakwa rangi. Angeweza kusema kuna ugonjwa wa kuambukiza mtaani. Vyote viwili alikuwa navyo tayari mdomoni. Akapiga, mama mkwe akapokea.

"Shikamoo mama," alisema. "Kesho msije. Nyumba ni tupu. Kitanda nilikuwa nacho nikakiuza, jiko nalo nikaliuza. Ni tamaa yangu, hakuna mwingine wa kulaumiwa."

 Mama mkwe hakuwahi kusikia kitu kama hicho kutoka kwa mkwewe, na sauti yake iliporudi ilikuwa imepoa. Alisema, taratibu, kwamba miaka yote amekuwa akingoja neno moja la kweli kutoka kwake, na kwamba mtu anayeweza kusema hivyo bado anaweza kuzungumzwa naye. Risiti, kwa faraja iliyomjia, akaegemea nyuma. Mlango wa friji iliyokuwa mgongoni mwake ukafunguka.

"Umefungua tena," ilisema ile sauti laini, karibu kabisa na simu. "Una haja kweli, au ni mazoea tu?"

"Nani huyo mwanamke?" aliuliza mama mkwe.

"Ni friji, mama," alisema Risiti. "Ziko ishirini na nne."

Simu ikakatwa.