Jinsi Ibrae wa Kiwanjani Alivyowakabili Wavamizi wa Waifai

Sogeeni, enyi wakazi wa Kiwanjani, na ninyi mshukao kwenye malori ya Moyale, na ninyi akina mama wa maziwa ya ngamia. Tueni mitungi, zimeni pikipiki, mpate kusikia habari za Ibrae, simba wa soko la mifugo la Isiolo, ambaye beberu mkaidi humtazama mara moja tu akajilaza chini mwenyewe. Nawasimulia vita alivyopigana kwa kidole gumba, akiwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, na yeyote atakayesema vilikuwa vita vidogo hajawahi kuishi mbali na mkewe.

Kwa maana Tiya, mke wa shujaa, alikuwa muuguzi kule Doha, na zamu zake zilimwachia Ijumaa tu, baada ya alasiri, nafasi ya kupiga simu ya video. Na kila Ijumaa picha iliganda: mdomo nusu wazi, jicho moja limefumba, sauti imekatika katikati ya salamu. Talaso, binti yao wa miaka mitatu, alikwisha kumzoea mama asiyesogea. Ijumaa moja aliichukua ile simu, akaiegemeza ukutani kando ya picha ya arusi, akaenda zake kucheza. Ibrae aliliona jambo hilo likamchoma moyoni.

Ndipo Kaburu, mwendesha bodaboda wa pale kona, alipomnong'oneza akiwa hajainua macho kutoka kwenye simu yake. "Mzee, hiyo waifai yako imeingiliwa. Siku hizi kuna watu wabaya sana."

Ijumaa iliyofuata, jua likiwa halijapanda, Ibrae alijifunga kikoi kiunoni akaanza upelelezi. Alizima televisheni. Alizima simu ya mama yake, Kaltuma, aliyekuwa jikoni. Alizima na ya kwake. Kisha akakisimamia kile kisanduku cha waifai juu ya kabati, maana nyumba ikilala, taa yake nayo hutulia. Taa haikutulia. Ilicheza kwa raha zake, na jemadari akajua kwamba kuna anywaye mtandao asiyealikwa.

Akaketi kwenye kiti cha plastiki, akaiwasha tena simu yake, akaingia hadi tumboni mwa kile kisanduku, mahali panapoonyesha majina ya wote waliounganishwa, na lo, lilikuwa jeshi zima. Palikuwa na Kaburu Nduthi. Palikuwa na Mukami wa Kaunti, jirani wa ukuta mmoja. Palikuwa na Saluni, na Ustadh, na mmoja aliyejiita Usiniguse.

Ibrae akatoka uani, akanena kwa sauti iliyovuka ukuta. "Enyi mlioniramba kisogo, sikilizeni. Wewe Kaburu uliyenionya kuhusu watu wabaya, na wewe Usiniguse, yeyote uliye. Mmenikatia mke wangu katikati ya salamu. Leo nabadilisha paswadi, na mtabaki wakavu kama barabara ya Garba Tulla."

Kidole gumba kikainuka. Hapo Kaltuma akatokea mlangoni, mwiko mkononi.

"Weka hiyo simu chini, Ibrae. Hakuna mwizi hapa. Ni mimi nilipeana."

"Ulipeana, Ayo, mama yangu? Kwa nani?"

"Kwa wenye waliomba. Mtu anaingia kwangu, nampea chai, anauliza paswadi. Nimnyime nikiwa nimemwekea sukari?" Akajifuta mikono. "Kisima cha baba yako kule Kinna, kiangazi, watu walikuja na ng'ombe hata wenye hatujui. Tuliwafukuza? Lakini hakuna ng'ombe iliingia bila zamu. Aba herega alisimama hapo na fimbo, anapanga, huyu sasa, yule baadaye. Wewe umeleta kisima bila aba herega, halafu unalia imekanyagwa."

Shujaa aliyewanyamazisha madalali wa mbuzi akaishusha simu. Alikumbuka mwenyewe alivyongoja zamu utotoni, ndama wake wakilia kwa kiu, na hakuna aliyemruka.

"Sasa aba herega ni nani, Ayo?"

"Ni mimi."

Akautua mwiko, akatwaa fimbo, akaenda kusimama langoni, na washitakiwa wakaja wameinamisha vichwa. "Watoto wangu," akasema Kaltuma, "mtakunywa. Lakini Ijumaa, kutoka alasiri mpaka Tiya amalize, hakuna mtu anakunywa. Mwenye atakunywa, ile taa itaniambia."

"Hata kidogo, mama?" akauliza Mukami, aliyekuwa na tamthilia yake ya kutazama.

"Hata kidogo."

"Mzee, pole," akasema Kaburu. "Mimi nilidhani hii waifai ni ya kaunti."

Alasiri ilipopita, walijipanga kando ya ukuta wa nje, simu zimezimwa mapajani, kimya kama wako mazishini. Taa ikatulia. Simu ikalia. Na Tiya akatokea, mzima, akageuza kichwa, akarekebisha mtandio, akacheka, na kicheko chake kikafika hadi mwisho.

Talaso akakodoa macho. Akaligusa lile shavu kwa kidole.

"Baba," akasema, "mama anasonga."

Ibrae akajifuta machozi kwa ncha ya kikoi. Kaltuma ndiye aliyepeleka habari langoni, na neno likapita ukutani mdomo kwa mdomo, anasonga, anasonga, hadi Kaburu akapiga honi ya ushindi, akafinywa na Mukami. Basi wenye kutunza historia ya Isiolo, baada ya kuandika ujio wa magavana na kuwekwa lami, waiandike na Ijumaa hiyo.

Kisha Talaso akaichukua simu. Hakuiegemeza ukutani. Alienda nayo kucheza.